Mbuzi Katika Begi la Miraba

Ni mwaka ule watu wa Joburg walipoacha kula poloni. Redio zilitangaza kwamba ina vijidudu vya kuua, maduka yakaiondoa kwenye mafriji, na wale kinamama wanaouza kota chini ya jengo letu pale Hillbrow wakabaki wanatazamana. Kota ni robo ya mkate iliyochimbwa tumbo, ikashindiliwa chipsi, achari na poloni. Sasa poloni hakuna, wakaweka yai. Mtaa mzima ukawa unakula kota ya yai, asubuhi yai, jioni yai, ukipanda ngazi unakutana na harufu ya mayai kabla hujakutana na watu. Mimi poloni sikuwahi kuitia mdomoni. Nyama gani ile haina mfupa wala mshipa, rangi yake kama ufizi wa mtoto mchanga? Lakini mjukuu wangu aliipenda, ile ya halali, na ilipoondoka aliiomboleza kama aliyefiwa.

Tarehe sizishiki. Chakula nakishika. Kwa hiyo nikisema mwaka wa poloni, mnielewe. Ndio mwaka ambao binti yangu alitaka kunirudisha Tanga nami sikutaka. Ilikuwa mwezi wa nne, na maneno yote yalisemwa wikiendi moja, kati ya Ijumaa jioni na Jumapili jua likizama.

Kwetu mwezi wa nne ni masika, unalala unasikia bati linapigwa. Kule ndio joto linajifia. Miti ya barabarani inavua majani mchana kweupe kama mlevi anayevua nguo, na baridi inaanza kuingilia chini, kwenye vifundo vya miguu, halafu inapanda magotini inakaa. Magoti yangu yalikuwa yanajua majira kabla ya mtu yeyote mle ndani.

Joburg nilikwenda kumlea binti yangu uzazi. Nilikwenda kwa siku arobaini. Mtoto alipotimiza arobaini, baba yake akaondoka, akasema anakwenda Durban kutafuta kazi, na nadhani bado anaitafuta. Nikakaa. Siku arobaini zikawa miaka kumi na moja. Nilikuwa nimebeba nguo zangu na mbuzi yangu ya kukunia nazi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma, ambayo marehemu mume wangu alinichongea mwaka tuliooana. Mtu wa uwanja wa ndege aliuona ule ulimi wenye meno akadhani ni silaha. Sikuwa na Kizungu cha kumjibu. Nikaiweka chini, nikaketi juu yake palepale, nikamkunia nazi ya hewa. Akacheka, akanipitisha.

Wiki ileile nilimsindikiza binti yangu kliniki, tumbo lake limefika hapa. Watu wamejaa. Nesi kijana akanionyesha benchi, kwa heshima zake zote, akasema: "Hlala phansi, Gogo." Ni Kizulu. Maana yake, keti chini, Bibi. Lakini mimi nilikuwa na siku nne tu nchini, masikio yangu yalijua lugha moja. Nikasikia: lala chini, gogo. Mimi! Mwanamke mzima niliyefika pale kwa miguu yangu, nilale chini kama gogo la mnazi lililoangushwa na upepo! Nikasimama katikati ya watu nikamwambia:

"Mimi si gogo, sibebwi."

Binti yangu alicheka mpaka akashika tumbo kwa mikono miwili, nikadhani uchungu umeanza. Aliponieleza, niliona haya, lakini neno sikulirudisha. Likawa neno la nyumba. Mjukuu alipoanza kusema, akaniita Gogo kama watoto wenziwe wa pale jengoni wanavyowaita bibi zao, nami kila akiniita namjibu hivyohivyo, naye anaanguka kwa kicheko. Kiswahili anakisikia chote, hata masengenyo. Kukisema ndiyo taabu, anakisema kama mtu anayetembea juu ya changarawe bila viatu. Mimi namwita mke mwenzangu, maana babu yake angekuwa hai angemposa mbele ya macho yangu.

Sasa Ijumaa ile, binti yangu alirudi saluni mapema. Yeye ni msusi. Siku zote anarudi vidole vimekufa ganzi, hata kikombe hawezi kukishika. Siku hiyo alirudi na daftari jipya na kalamu.

"Shikamoo, Mama. Wikiendi hii tupike."

"Marahaba. Kwani siku zote tunakula mawe?"

"Tupike vya nyumbani. Mkate wa kumimina. Samaki wa kupaka. Maharage ya nazi. Nataka niandike."

"Uandike nini?"

"Vipimo."

Nikacheka. Nikamwambia aanze kwa kuloweka mchele wa mkate, ulale majini.

"Mchele kiasi gani?"

"Wa kutosha."

"Mama, wa kutosha siyo kipimo."

"Wewe umekuzwa kwa kipimo hichohicho. Una kasoro gani?"

"Ana mdomo," akadakia mjukuu kwa Kizungu, na hicho nacho kidogo nilikuwa nakisikia. Akaletwa yeye na kikombe cha plastiki chenye mistari ubavuni. Kila nilipochota kitu kwa mkono, alinishika ngumi kabla haijafika bakulini, akanifungua vidole, akamimina kwenye kikombe, akausoma mstari, mama yake akaandika. Mchele, ngumi zangu nne, vikombe fulani. Sukari, nusu na kidogo. Iliki wakazihesabu moja moja kama dawa za hospitali. Nilitania, nilisema andika na jasho. Lakini nilijiuliza. Miaka kumi na moja hakuna aliyenipima mkono. Kwa nini leo?

Jumamosi tulikwenda Fordsburg, mimi na mke mwenzangu, kutafuta nazi kwenye maduka ya Wahindi. Binti akasema yeye anabaki, ana vitu vya kupanga. Kushuka ghorofa nne, lifti ilikufa zamani hata watoto wanadhani ni kabati. Nikashuka kwa ubavu, kama kaa. Barabarani mtoto akanyoosha kidole kimoja juu, teksi ya mjini ikasimama, na toka mjini tukaenda kwa miguu, robot kwa robot, ndivyo wanavyoziita taa za barabarani, mimi nikipumzika kila taa ikiwa nyekundu, na nyingine hata ikiwa ya kijani. Watu wanatupita wamevaa makoti. Mtoto alibeba mkoba wangu bila kuambiwa. Alikuwa mkimya. Kawaida yake ni kuongea mpaka unaomba azan iadhiniwe apate kunyamaza.

Nazi za kule ni nazi wazee, zimechoka safari. Lazima uzitikise sikioni usikie kama maji yamo. Nikawa nazishika moja moja sikioni, nasikiliza. Muuzaji akasema kitu, mjukuu akashindwa kujizuia.

"Anasema, Gogo, wewe nataka nazi au nataka simu?"

"Mwambie nasubiri nyumbani wapokee."

Akamtafsiria. Muuzaji akapiga meza kwa kucheka, akatuongezea limau. Lakini mtoto alipogeuka macho yalikuwa yamelowa. Nikamuuliza vipi, akasema ni pilipili. Kweli tulikuwa dukani kwa viungo, nikamwamini.

Kupanda ngazi kulikuwa kazi. Ghorofa ya pili nikaketi kwenye kidato, nazi tatu mapajani. Akaleta mkono kwapani kwangu aninyanyue, halafu akauondoa mwenyewe kabla sijafungua kinywa, maana alijua nitasema nini.

Jikoni nikavunja nazi, nikanawa mikono, nikamwambia: niletee mbuzi. Kukaa kwake ni nyuma ya mlango wa jikoni, toka siku niliyofika. Mtoto hakutikisika. Nikageuka mwenyewe. Nyuma ya mlango kulikuwa na alama mbili za miguu ya kigoda kwenye sakafu, basi.

"Mama," akasema binti yangu, "leo tumia tui la kopo."

"La kopo? Nimekwenda Fordsburg kwa magoti haya nikatumie la kopo? Mbuzi iko wapi?"

Yeye alitazama dirishani. Mtoto alitazama, kupitia mlango wa jikoni, chini ya kitanda cha mama yake. Mtoto hajui kudanganya kwa macho.

Mnalijua lile begi la plastiki lenye miraba myekundu na ya buluu. Kila mgeni wa mji ule analo moja. Lilikuwa chini ya kitanda cha binti yangu, zipu imefika nusu ikagoma, na ulimi wa mbuzi yangu umechomoza pale kama unamzomea mtu. Nikalivuta. Ndani kulikuwa na kanga zangu zimekunjwa, kanga za kutokea, siyo za jikoni. Dawa zangu za presha, nyingi, za miezi. Picha ya marehemu mume wangu. Viatu vipya vya mpira ambavyo sijawahi kuviona. Na juu kabisa mbuzi, imevingirishwa kwenye taulo kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

"Nani anasafiri?" nikauliza.

Binti yangu akakaa kitandani. Vidole vyake vikashika pindo la shuka vikaanza kulisuka, vyenyewe, bila yeye kujua.

"Tutaongea kesho, Mama. Kesho nawapeleka bustanini, tutaongea vizuri."

"Mbuzi imeshapakiwa, mazungumzo ndiyo bado?"

Mwanangu huyu ni mkaidi, na ukaidi ule nimempa mimi, kwa hiyo naujua. Nikaitoa mbuzi kwenye taulo, nikaiweka katikati ya jikoni, nikaketi, nikakuna nazi zote tatu. Nikakuna mpaka nikafika kwenye kifuu. Nikachuja tui la kwanza, nikasaga mchele, nikakoroga, nikasubiri uumuke. Mjukuu alisimama na kikombe chake cha mistari, hakuthubutu kunishika mkono. Nikachota sukari kwa ngumi nikatia. Hakuna aliyeandika.

Mkate ule ulitoka mzuri kupita yote niliyopika Joburg. Uliinuka, ukatoboka vijishimo, ukingo ukakauka rangi ya asali. Iliniudhi. Nilitaka uungue. Tulikula tukitazama sahani, mtoto akasema, "Tamu, Gogo," na mara hiyo mimi ndiye sikujibu.

Bustani aliyotupeleka Jumapili iko Kensington, ina ziwa dogo na bata. Majani makavu yamejaa hata huoni njia, watu wametandika mablanketi, wengine wanachoma nyama. Tulikaa benchini, mimi na binti yangu, kontena la mkate katikati yetu. Mtoto alikwenda ukingoni kuwatupia bata makombo. Nilijua amepewa kazi ile ili asisikie, na nilijua anasikia.

Binti yangu akaongea akitazama maji. Jengo letu limeuzwa. Watu wote watoke ifikapo mwisho wa mwezi. Yeye amepata chumba Jeppestown, uani kwa watu, nyuma ya karakana. Chumba kimoja. Kaka yake Tanga ameshaniandalia mahali, pana marumaru chini, hakuna ngazi hata moja.

"Uwahi kabla ya Ramadhani, Mama. Ukafunge nyumbani, na watu wako."

"Tiketi?"

"Nimeshakata."

"Umekata. Uliniuliza?"

"Ningekuuliza ungekataa."

"Basi si jibu ulikuwa nalo."

"Mama, magoti yako..."

"Magoti yangu hayajakuomba kitu. Na huyu mtoto? Akitoka shule nani anamfungulia mlango? Nani anampa uji? Huyo karakana?"

Akaanza kulia. Binti yangu hulia bila sauti, kidevu ndicho kinatetemeka, toka ana miaka mitatu. "Usifanye kama nakutupa. Nakuomba. Unadhani mimi nataka? Kila mtu nimempigia simu. Kaka nimempigia. Nimetafuta vyumba viwili mpaka nyayo zimepasuka."

"Mnaongea mimi sipo. Mnanipima, mnanipakia, mnanikatia tiketi." Nilisimama. Sauti yangu ilitoka kubwa, waliokuwa wanachoma nyama wakageuka. "Mimi si gogo, sibebwi."

Hakuna aliyecheka. Kwa miaka kumi na moja neno lile halijawahi kusemwa pasipo mtu kucheka. Kule ukingoni mkono wa mtoto ulibaki hewani, umeshika kipande cha mkate, na bata wanampigia kelele.

"Twende nikakione hicho chumba," nikasema.

Nilitaka kukidharau. Nawaambieni ukweli. Nilitaka nisimame mlangoni niseme, ala, ni hiki? Hapa tunaenea na wageni juu. Mimi nimelelewa kwenye chumba cha watu saba na kuku. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo njia nzima ndani ya teksi.

Karakana ilikuwa imefungwa kwa Jumapili, lakini harufu ya chuma kilichoungua ilibaki uani. Binti akafungua kufuli. Nikaingia, nikatembea. Hatua zangu nne huku, tatu huku, na hatua zangu si ndefu. Kitanda kimoja kimeshaletwa, kimegusa kuta mbili. Jiko la umeme juu ya kasha. Ukutani unyevu umechora ramani. Chini saruji tupu. Nikainama kwa taabu, nikaweka kiganja. Baridi ilinipanda mpaka kwenye kiwiko, na ilikuwa mwezi wa nne tu, baridi yenyewe ilikuwa bado njiani.

Niwaambie kitu kimoja cha mtoto huyu. Kipupwe cha mwaka uliopita alilazwa hospitali siku sita, kifua kinapiga filimbi. Nilikaa naye siku zote sita, nikawa nayahesabu mavuto ya pumzi yake kwa tasbihi.

"Tukikaa watatu," nikasema, "nani analala chini?"

"Mimi," akasema binti yangu haraka.

"Hapana," mtoto akasema. "Mama kazi. Mama kusimama siku yote." Halafu akanigeukia, akanyoosha kile Kiswahili chake, neno moja baada ya jingine, anakanyaga kwa uangalifu. "Mimi talala chini, Gogo. Wewe juu. Mifupa yangu bado mpya."

Na kabla sijasema kitu akajilaza pale kwenye saruji kunionyesha. Na jezi yake ya shule, mikono kaibana ubavuni. Alienea sawasawa, kichwa kwenye kasha la jiko, miguu mlangoni, kushoto kitanda, kulia ukuta. Nafasi ilikuwa kama imepimwa kwa ajili yake. Nimeshaona mtu akilazwa hivyo, kwenye nafasi iliyopimwa, na aliyelazwa ndiye aliyenichongea mbuzi.

"Inuka," nikamwambia.

"Lakini ona, Gogo, naenea..."

"Inuka! Inuka sasa hivi!"

Akainuka, akanitazama, hakujua amekosa nini. Nikampangusa vumbi mgongoni, nikampangusa tena na pale pasipo na vumbi. Binti yangu alisimama mlangoni ameshika kufuli. Nje jua lilikuwa linashuka nyuma ya mapaa ya karakana, jekundu, halina joto. Yale maneno yangu ya watu saba na kuku sikuyaona tena yalikokwenda.

"Vile viatu vya mpira," nikamwambia binti yangu, "umenunua saizi gani?"

Alielewa kwamba nimekubali, akageuza uso upande wa ukuta.

Siku zilizobaki nilimfundisha mtoto kuketi juu ya mbuzi, magoti yapanuke, nazi izungushwe isikandamizwe, akome kabla ya weusi. Alijikata mara mbili. Begi lilipofungwa safari hii zipu ilifika mwisho, maana mbuzi haikuwamo. Niliiacha. Nilimwambia aiweke nyuma ya mlango wa kile chumba, na asikubali mtu amletee tui la kopo. Daftari binti yangu alinisomea ukurasa kwa ukurasa, nikasahihisha. Pale kwenye mkate wa kumimina sukari walikuwa wameandika pungufu.

Siku ya safari walinisindikiza wote wawili. Uwanja ule ni mkubwa kama mji, unatembea na bado unatembea, nami nilikuwa na viatu vyangu vipya vinalia sakafuni. Binti yangu alikuwa ameomba bila kuniambia. Akaja kijana wa pale, ana fulana ya kung'aa na uso wa adabu, anasukuma kiti cha magurudumu. Akakisimamisha mbele yangu, akakifunga breki, akainama kidogo kama watoto wa kule wanavyofundishwa.

"Hlala phansi, Gogo," akasema.

Nilimsikia vizuri. Miaka kumi na moja, nilijua kila neno lake na heshima iliyomo. Mjukuu wangu alinitazama. Midomo yake ilikuwa tayari, ilikuwa inangoja kucheka, na haikuweza. Nikalishusha begi la miraba begani, nikaifunga kanga yangu upya kiunoni, nikalipandisha. Mlango wa kuondokea ulikuwa mbali, ile njia yote inang'aa. Nikakipita kile kiti, nikasema kwa sauti ya kufika mpaka kule, ili mtoto naye asikie:

"Mimi si gogo, sibebwi."